Mungu Akipenda: Mipango Yetu na Mkono Wake

Kila mwaka mitihani ya Mei inapobisha hodi, simu za wanafunzi hujaa salamu za kutia moyo. Shangazi wa Nakuru hutuma picha ya mawaridi. Mama mchungaji wa Bukavu hutuma sauti ya dakika saba, na sita kati ya hizo ni maombi. Mjomba wa Mwanza haandiki mengi; huweka Yeremia 29:11 na alama ya mikono iliyounganishwa, basi. Ukizihesabu salamu hizo utaona aya hiyo moja ndiyo inayoongoza. Imo kwenye kadi za mahafali, kwenye vikombe vya chai, hata kwenye fulana za kwaya. Inatuambia kwamba Mungu anajua anayotuwazia, na kwamba anatuwazia mema yenye tumaini.

Sisi tulioandika makala haya tuko watatu, sote wa mwaka wa mwisho, sote tumelelewa kanisani hapa Uingereza na wazazi waliotoka Kenya, Tanzania na Kongo. Muhula huu kila mmoja wetu ana jambo analolingoja. Mmoja anangoja jibu la kazi, wa pili anangoja nafasi ya shahada ya uzamili, na wa tatu anangoja karatasi za ukaazi za familia yake. Kwa hiyo tulipokubaliana kuandika juu ya kumwamini Mungu na mipango yetu, hatukuwa tukitafuta mada ya kujazia kurasa. Tulitaka kujua maneno haya tunayotumiwa kila siku yanabeba nini hasa. Tumesoma, tumewauliza wanachama wenzetu, na tumewapigia wazazi simu. Haya ndiyo tuliyoyakusanya.

Barua iliyotumwa ugenini

Tulianza na aya yenyewe, tukarudi nyuma kidogo kusoma sura nzima. Hapo tukakutana na jambo ambalo kadi za mahafali hazina nafasi ya kulieleza. Yeremia 29 ni barua. Iliandikwa Yerusalemu, ikapelekwa Babeli kwa watu waliohamishwa kwa nguvu mwaka 597 kabla ya Kristo pamoja na mfalme Yekonia. Walioipokea walikuwa wageni katika nchi yenye lugha nyingine, chakula kingine na miungu mingine, na wote walikuwa na swali moja tu: tutarudi lini?

Sura iliyotangulia, ya 28, inaonyesha kwamba swali hilo lilikuwa limekwisha kujibiwa na mtu mwingine. Nabii Hanania alisimama hekaluni mbele ya watu akaahidi kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu vingerudi, na mfalme angerudi, na wote waliochukuliwa wangerudi. Akaivunja nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia ili kila mtu aone. Ulikuwa ujumbe mtamu. Kasoro yake ni kwamba Mungu hakuwa ameusema.

Yeremia aliwaandikia jambo gumu zaidi. Aliwaambia wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuozesha, na wautakie amani mji ule uliowachukua mateka, kwa sababu mji ukiwa na amani na wao watakuwa nayo. Akataja muda: miaka 70. Piga hesabu. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 20, kama sisi, siku barua ile iliposomwa, hakuwa na matumaini makubwa ya kuiona Yerusalemu tena. Ile aya tunayoipenda, ya 11, inakuja mara tu baada ya hesabu hiyo. Waliosikia kwanza kwamba Mungu anawawazia mema walikuwa watu ambao mpango wao mkubwa kuliko yote, wa kurudi nyumbani, usingetimia wakiwa hai.

Sisi watoto wa watu waliohama hatuwezi kuisoma barua hiyo kama habari ya kale. Karibu kila mwanachama tuliyezungumza naye analijua neno "mwakani". Mwakani tunarudi. Mwakani tunamalizia nyumba. Baba wa mwenzetu mmoja aliishi katika mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza miaka 14 bila kununua kabati la maana, kwa sababu kabati zito litasafirishwaje? Fedha zilikwenda Kibaha, kwenye nyumba iliyofika kwenye linta na kusimama hapo. Kisha mwaka mmoja akakodi kipande cha bustani kutoka halmashauri ya mji, akapanda maboga, mchicha na maharage. Alipoulizwa na binti yake kilichombadilisha, hakuhubiri. Alisema tu, "Nimeona nimekula mboga za dukani muda mrefu mno." Nyumba ya Kibaha bado hajaiacha, na saruji inaendelea kununuliwa mfuko kwa mfuko. Lakini sasa jirani zake Waingereza wanamjua kwa jina, na kila Septemba anawagawia majani ya maboga na kuwafundisha kuyamenya.

Kwetu sisi hiyo ndiyo picha ya kwanza ya kumwachia Mungu mipango. Mzee yule hakukunja mikono, wala hakuacha kutumaini. Alipanda mbegu mahali alipo, na jibu la lini atarudi bado hana.

Kiungo kidogo chenye uzito

Darasani mwaka wa kwanza tulifundishwa kiambishi "-ki-" cha masharti: mvua ikinyesha, nitabaki nyumbani. Lakini wengi wetu tulikuwa tumekwisha kukisikia kabla ya kujua kina jina, katika maneno "Mungu akipenda". Mama akisema tutaonana Jumamosi, anaongeza "Mungu akipenda". Bibi akikata simu anasema "panapo majaliwa". Wengine husema "Mola akitujalia", na wenzetu wa Mombasa, Unguja na Maskati husema "inshallah", hata wasio Waislamu. Lugha yetu imejengwa kwa namna kwamba kuitaja kesho bila kumtaja mwenye kesho ni kama kuacha sentensi bila nukta.

Wanachama wawili walituambia kwamba wakiwa watoto maneno hayo yaliwaudhi. Ukiomba baiskeli ukajibiwa "Mungu akipenda", ulijua baiskeli haiji. Hilo halikosi ukweli: watu wazima huyatumia maneno matakatifu kama pazia la kufichia "hapana". Lakini kusudi lake la asili si hilo. Kwa Wakristo, msingi wake umo katika waraka wa Yakobo, sura ya 4. Yakobo anazungumza na wafanyabiashara wanaopanga kwenda mji fulani, kukaa mwaka, kufanya biashara na kupata faida. Tazama kwamba hawakemei kwa kufanya biashara, wala kwa kupanga mwaka mzima mbele. Anachokikemea ni kusema kama vile kesho iko mfukoni mwao, ilhali maisha yao ni mvuke unaoonekana kitambo na kutoweka. Anawataka waongeze sharti: Bwana akipenda, tutaishi na kufanya hivi au vile. Kwa maneno ya mwalimu wa sarufi, Yakobo anawarudishia "-ki-" yao.

Methali ya pwani inasema jitihada haiondoi kudura. Mwanafunzi mvivu anaweza kuishika upande mmoja tu: kama kudura haiondoleki, ya nini kujitahidi? Lakini methali yenyewe imeitaja jitihada kwanza. Inamchukulia msikilizaji kuwa mtu ambaye tayari anajitahidi, kisha inamkumbusha kwamba kuna mkono mwingine kazini. Mwenzetu mmoja Mwislamu, ambaye familia yake imekaa Mombasa na Maskati vizazi kadhaa, alitukumbusha mafundisho yanayojulikana sana kwao: mfunge ngamia wako kwanza, kisha utawakali. Tulicheka, kwa sababu mama wa mmoja wetu, Mlutheri wa Moshi, husema jambo hilohilo kuhusu kufunga mlango wa gari.

Mtu aliyetaka kwenda kwingine

Ukipanda kwenye rafu za lugha za Afrika katika maktaba zenye hazina ya vitabu vya zamani, unaweza kukuta kamusi nene ya Kiswahili iliyochapishwa London mwaka 1882. Mwandishi wake ni Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1810 karibu na Tübingen. Wanafunzi wengi wa Kiswahili wanalijua jina hilo. Wachache wanajua kwamba Krapf hakupanga kabisa kuwa mtu wa Kiswahili.

Mpango wake ulikuwa Uhabeshi. Alifika huko mwaka 1837 kama mmisionari wa chama cha Kianglikana cha CMS, na moyo wake ukavutwa na watu wa Oromo. Aliamini kwamba Injili ikifika kwa Waoromo itaenea Afrika nzima. Njia za Uhabeshi zikafungwa. Akatafuta njia ya kuzunguka: angeshuka pwani ya Afrika Mashariki na kuwafikia Waoromo kutoka kusini. Ndiyo sababu, na hiyo tu, iliyomleta Unguja mwanzoni mwa mwaka 1844. Seyyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, alimpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake, na Krapf akaweka makao Mombasa.

Hazikupita wiki nyingi. Julai 1844 mkewe Rosine, aliyekuwa amejifungua siku chache kabla, alikufa kwa homa. Mtoto wao wa kike akamfuata. Wakazikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa. Katika mwaka huohuo, akiwa mjane katika mji usio wake, aliendelea kujifunza lugha na kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa mji. Tunaona ni haki kusisitiza hilo: Kiswahili kilikuwa kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu muda mrefu kabla Mzungu huyu hajafika, na mwanazuoni Mwislamu ndiye aliyemwongoza katika maneno.

Mwaka 1846 akaja Johannes Rebmann, wakaanzisha kituo Rabai, nyuma ya Mombasa. Krapf akapanga mpango mkubwa zaidi: mlolongo wa vituo vya misheni kutoka pwani ya mashariki hadi ya magharibi. Mlolongo huo haukujengwa. Waumini wa Rabai katika miaka yake walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Waoromo, ambao kwa ajili yao alikuja, hakufanikiwa kuanzisha kazi kati yao. Mwaka 1853 afya yake ikamrudisha Ulaya. Alifariki Novemba 1881, mwaka mmoja kabla kamusi yake kubwa haijatoka kiwandani.

Ukipima maisha yake kwa mpango alioandika, alishindwa karibu kila kitu. Ukipima kwa yale yaliyobaki, hesabu inageuka. Aliacha sarufi ya Kiswahili ya mwaka 1850, kamusi iliyohifadhi Kimvita cha karne ya 19, na mfano wa kuandika Kiswahili kwa herufi za Kilatini uliofuatwa na wengine. Rabai, kituo kile cha waumini wachache, baadaye kikawa kimbilio la watu waliotoroka au kukombolewa kutoka utumwani. Sisi tunaojifunza Kiswahili katika chuo cha ugenini tunatumia zana ambazo mzizi wake mmoja ni safari iliyokuwa ikielekea kwingine.

Habari ya Unguja inafanana nayo. Desemba 1857 David Livingstone alihutubia Cambridge, na hotuba zake zikazaa misheni ya vyuo vikuu vya hapa Uingereza, UMCA, yaani misheni iliyoanzia kwa watu wa vyuo kama sisi. Walikwenda Magomero, katika nchi ambayo leo ni Malawi. Mambo yakaharibika upesi: vita, njaa, homa. Askofu wao, Mackenzie, akafa Januari 1862. Waliobaki wakahamishia makao yao Unguja mwaka 1864, hatua iliyowafanya wengi waliowachangia waone kwamba wamekimbia. Kati ya waliofika Unguja alikuwamo Edward Steere, ambaye alikaa chini na wenyeji akajifunza lugha, akatoa kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili mwaka 1870. Mwaka 1873 soko la watumwa lilifungwa, na siku ya Krismasi ya mwaka huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa mahali pale pale. Wageni wanaotembelea kanisa hilo huonyeshwa nguzo kadhaa zilizosimamishwa kichwa chini. Husimuliwa kwamba mafundi walizipindua askofu alipokuwa safarini, naye akaziacha hivyo. Zimebeba uzito wake hadi leo. Na mwaka 1930, Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi, Kiunguja ndicho kilichokuwa msingi wa Kiswahili sanifu tunachosahihishiwa kila Alhamisi.

Hatusemi kwamba misheni zote zilikuwa za baraka tupu. Zilitembea karibu na ukoloni, na madarasani tumejadili gharama yake. Wala hatusemi Mungu alimuua Rosine ili sisi tupate kamusi. Kusema hivyo ni kumkosea Mungu na kumkosea Rosine. Tunasema dogo zaidi: mpango wa mtu ukivunjika, kazi ya Mungu haivunjiki nao.

Faili la bluu

Kuna namna ya "kumwachia Mungu" ambayo si imani bali ni uchovu uliovaa kanzu ya kanisani. Tumeiona katika jamii zetu. Fomu ina tarehe ya mwisho, na watu wanafunga na kuomba hadi tarehe inapita. Kijana ana maumivu kifuani, anaambiwa aombewe kwanza na daktari baadaye. Mwanafunzi hajafungua kitabu, anategemea upako wa kalamu.

Biblia haina mfano wa namna hiyo. Nehemia alipoambiwa kuta za Yerusalemu zimebomoka, alilia na kufunga siku kadhaa. Lakini alipopata nafasi mbele ya mfalme alikuwa na majibu tayari: atakaa muda gani, anahitaji barua kwa maliwali gani, na mbao kutoka msitu wa nani. Baadaye adui walipotishia, aliomba na kuweka walinzi, yote mawili katika sentensi moja. Paulo naye alikuwa mpangaji mkubwa. Alitaka kuhubiri Asia, akazuiwa. Akajaribu kuingia Bithinia, akazuiwa tena. Akajikuta Troa, bandarini, bila mpango, na usiku ule akaona maono ya mtu wa Makedonia. Katika barua yake kwa Warumi alieleza mpango wa kwenda Hispania kwa kupitia kwao. Roma alifika, lakini akiwa mfungwa. Kama alifika Hispania, kitabu cha Matendo hakisemi. Hata hivyo hakuacha kupanga safari.

Yule kati yetu anayengojea karatasi za ukaazi ametupa ruhusa ya kusimulia habari za mama yake. Kesi ya familia imechukua miaka sita. Mama ana faili la bluu. Ndani yake kila barua imepangwa kwa tarehe, kila stakabadhi, kila barua ya shule ya watoto, kila jina la aliyepokea simu na saa aliyopokea. Ijumaa usiku anakesha kanisani. Jumatatu asubuhi anampigia wakili. Mtu mmoja kanisani alimwambia kwamba faili hilo ni dalili ya kutoamini. Mama akamjibu kwa upole, "Mchungaji wangu, Mungu anaweza kufungua mlango. Lakini cheti cha kuzaliwa cha mwanangu nitakitafuta mwenyewe." Usiku huohuo aliliweka faili juu ya meza ya maombi. Hatujasoma ufafanuzi wa imani unaolizidi faili hilo.

Yasiyopata jibu

Makala kama haya mara nyingi humalizika kwa ushuhuda: nilikataliwa pale, kumbe Mungu alikuwa ananiandalia hapa palipo bora. Shuhuda hizo zipo na tunazifurahia. Lakini si kila mtu anao, na wasionao huketi kimya katika viti vya nyuma.

Mwanachama mmoja, binti wa familia ya Bukavu, alitaka kuwa daktari tangu akiwa na miaka tisa. Agosti ile ya matokeo alikosa alama moja. Siku hiyo alipiga simu chuo baada ya chuo, akapata nafasi ya kusoma biolojia hapa. Tulimwuliza kama sasa, miaka mitatu baadaye, anaona Mungu alikuwa na sababu. Alinyamaza kidogo. "Watu wanataka niseme ndiyo," alisema. "Mimi sijui bado. Ninachojua ni kwamba niliendelea kuomba hata nilipokuwa nimekasirika, na sikuwahi kuhisi kwamba ninazungumza na ukuta." Tukamwuliza kama anaona huko ni kumwamini Mungu. Akasema, "Nadhani ndiko. Kama ningejua sababu, ningekuwa naiamini sababu."

Tumelirudia jibu hilo mara nyingi wiki hizi. Linatupeleka Gethsemane, mahali ambapo Bwana mwenyewe aliomba kikombe kiondolewe, akaomba mara tatu, na hakikuondolewa. Hakujifanya hataki anachokitaka. Alikisema wazi, kisha akakiweka mikononi mwa Baba. Mkristo anayefundishwa kwamba imani ni kutokuwa na matakwa, au kutabasamu yanapokataliwa, amefundishwa zaidi ya alichofanya Kristo.

Na wazee wetu wengi wanalijua hili kuliko sisi. Wapo waliozikwa katika makaburi ya mvua ya nchi hii, na nyumba zao bado ziko kwenye linta huko nyumbani. Wapo waliokuwa walimu na wahasibu Dar es Salaam au Kisumu, wakaja kuwaogesha wazee wa watu kwa zamu za usiku, wakifikiri ni kwa mwaka mmoja. Mpango wao wa kwanza haukurudi. Ukiwauliza kama Mungu amewaacha, wengi watakushangaa. Watakuambia, "Si ninyi hapo?" Hapo ndipo tunapotambua kwamba sisi ni sehemu ya bustani iliyopandwa Babeli, na hilo linatupa heshima na linatupa mzigo.

Tunavyopanga sasa

Hatuna kanuni za kuwapa wasomaji, ila kuna mambo matatu tuliyokubaliana kati yetu.

La kwanza, tunapanga kwa ukamilifu. Maombi ya kazi yanaandikwa, yanasahihishwa, yanatumwa kabla ya tarehe. Sala haichukui nafasi ya rasimu ya pili.

La pili, tunautaja mpango wetu kwa Mungu kwa jina lake halisi. Hatuombi "mapenzi yako yatimizwe" kwa haraka ili tusiaibike tukikosa. Tunasema tunataka nafasi hii, katika mji huu, kwa sababu hizi. Kisha tunaongeza "-ki-" yetu, tukimaanisha.

La tatu, hatungoji jibu ndipo tuanze kuishi. Kila mmoja wetu amechagua kitu kimoja cha kufanya mwezi huu ambacho hakitegemei barua yoyote. Mmoja anamfundisha Kiswahili mtoto wa jirani kila Jumapili baada ya ibada. Mwingine amejiunga na wanaopeleka chakula kwa wazee wa mtaa. Wa tatu ameomba nafasi katika bustani ya yule mzee wa maboga, na amepewa mstari mmoja wa udongo wa kupanda sukuma wiki.

Kwa walimu wetu waliotuvumilia miaka mitatu na ngeli zetu zilizopinda, asanteni. Mmetupa maneno ya kuzungumza na bibi zetu kabla hawajaondoka. Kwa wanachama mnaobaki, chama ni chenu sasa. Mkutano wa kwanza wa muhula ujao umepangwa Oktoba, na sisi watatu tumepanga kuja, mmoja kutoka kazini, mmoja kutoka masomoni, mmoja akiwa na karatasi zake mkononi. Hatujui kama yote hayo yatakuwa. Viti vitatu tuwekeeni, Mungu akipenda.